Mbuzi wa Mama Mkwe

Hasira yangu juu ya ziwa lile haijaisha hadi leo. Mtu akiniambia kwamba ni zuri, kwamba zamani wageni walitoka mbali kuja kulipiga picha, huwa nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitamvunjia heshima. Mimi nililijua wakati wa vita, nimekaa juu ya gunia la unga wa muhogo, miguu ndani ya maji machafu ya mtumbwi, mkononi kamba za mbuzi watano, na uso wangu umeelekezwa upande ambao sikuwa ninaenda.

Wakati huo nilikuwa fundi wa milango pale Butembo, na kwetu hasa ni Vuhovi, mlimani. Mwanamke wangu alikuwa mtu wa Beni. Tulianza kuishi pamoja kabla sijatoa mahari, kama vijana wengi wa miaka ile, tukisema mbuzi watakuja tu. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na hapo hakuna ujanja. Baba yake, karani mstaafu, mtu wa kusali kila asubuhi na wa maneno machache, hakunisumbua hata mara moja. Binti yetu akazaliwa. Alipofikisha miezi minne nilimpeleka yeye na mama yake Beni wakamsalimie babu, kisha nikarudi kazini kwangu. Wiki ileile risasi zikalia mjini. Mzee akakusanya nyumba yake yote, na wangu wawili wakiwamo, akaenda nao hadi ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, kwa jamaa zake wavuvi.

Barabara ya kutoka Beni kwenda mpakani ikafungwa na wenye bunduki, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na magari yakachomwa humo. Kila nilipofunga mzigo, habari mbaya ilinikuta mlangoni. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia wakati mama mmoja mwuza samaki aliposimama mbele ya karakana yangu, akatua beseni lake chini na kunipa maneno ya mzee kama alivyopewa:

"Mwenye hapana toa mbuzi, hana mutu. Tukimaliza kuvuna maharage, tunahama kwenda mbali, kwa ndugu yangu. Mutoto tutamubatiza kwa jina yangu."

Hakuwa ananitukana. Ndiyo sheria yetu. Mtoto ambaye mbuzi wake hawajafika ni mtoto wa babu yake mzaa mama, na baba yake ni mpita njia. Maharage mwaka ule yalikuwa tayari yameanza kutoa maua.

Nikapanda Vuhovi kwa baba zangu wadogo na wakubwa. Nilishauri kwamba, kwa sababu ya vita na maji, tupeleke thamani ya mbuzi badala ya mbuzi wenyewe. Walinitazama kama mtu aliyeomba chakula kanisani. Mbuzi anapelekwa akiwa na miguu yake, walisema, mkono mtupu haulambwi. Wakanitolea watano wa kuanzia. Kati yao lazima awemo mbuzi wa mama mkwe, na huyo hachaguliwi ovyo: awe jike aliyekwisha kuzaa, ili mama mkwe aone kwamba tunamshukuru kwa uzazi wake. Wakachagua jike mwekundu, mnene, matiti yamejaa, kwa sababu alikuwa amezaa wiki tatu tu zilizopita. Mwanawe wakasema abaki kwa mama yangu, njia ni ndefu na miguu yake bado ni vijiti. Tulikuwa wanaume wanane watu wazima pale, tumeshiba, tumekunywa, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Ninasema wanane kwa sababu najihesabu na mimi.

Tangu tulipotoka uani yule mbuzi alianza kulia. Alilia mteremko wote, siku mbili za miguu, hadi tulipoona mabati na mitumbwi ya Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi ufuoni mwa ziwa. Wauza samaki waliacha mizani zao wakanitazama. Walikwisha kuelewa mimi ni nani, na kabla sijauliza chochote walikuwa wameniita bokilo, jina ambalo askari walitufundisha la kumwita mkwe. Jina hilo lilinifuata safari nzima.

Mwenye mtumbwi alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa Beni. Maisha yake yote alikuwa dereva na mwenye lori, akibeba watu na mbao na ndizi hadi mpakani, mpaka lori lake likachomwa mbele ya macho yake. Akanunua mota na mtumbwi mrefu wa mbao, akajiita capitaine, yaani nahodha. Lakini moyoni alibaki dereva wa lori. Haya niliyagundua tulipotoka pwani. Uganda ilikuwa mbele yetu, mashariki, unaiona kwa macho, mstari mwembamba wa buluu. Mtumbwi ukageuka kulia.

Nilidhani anakwepa kitu. Ulipopita muda mrefu na ule mstari wa buluu bado uko kushoto kwangu, nikamuuliza kwa adabu tunakwenda wapi. Akanijibu kwa adabu pia, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba jua huchomoza asubuhi.

"Mutumbwi yangu haiendaka nusu, bokilo. Gari ikienda nusu ni hasara. Mutumbwi ikienda nusu, upepo inaigeuza. Tunajaza kwanza, kisha tunavuka."

Na kujaza kwake kulikuwa hivi: upande ule wa magharibi milima inashuka moja kwa moja hadi majini, na chini yake, penye kipande cha mchanga, wavuvi wamejenga vibanda. Barabara haifiki. Kila kambi iko peke yake kama kisiwa, nyuma ukuta wa mlima, mbele maji, na kufika kambi ya pili ni lazima upite ziwani. Capitaine alisimama kwenye kila mojawapo. Alipiga honi yake, ndiyo, alikuwa ameokoa honi ya lori akaifunga ubavuni mwa mtumbwi, kisha akangoja abiria na magunia ya makayabu, samaki wa chumvi. Samaki wakiwa bado hawajakauka, tunangoja wakauke. Abiria akisema anamalizia kufua, tunangoja afue na nguo zianikwe.

Katika kambi ya kwanza tulikaa siku mbili. Askari waliokuwapo pale, sijui wa kundi gani, maana miaka ile ilikuwa hatari kuuliza, walihesabu mbuzi wangu wakafurahi. Mkubwa wao alinieleza kwa upole kwamba mkwe akipelekewa watano atazoea vibaya. Wakabaki wanne. Niliongea peke yangu hadi tulipotia nanga kambi ya pili, na mama mmoja abiria akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nilimwomba asinisemeshe tena.

Kambi ya pili ilikuwa mawe matupu. Tulipokuwa tunashuka mbuzi mmoja akateleza, mguu ukavunjika, na capitaine akamchinja palepale akisema jina la Mungu, ili asiwe mzoga. Mtumbwi mzima ulikula. Mimi nilikataa, nikakaa mbali, nikiwaangalia watu wakitafuna ukoo wangu. Harufu ilipozidi nikaenda nikaomba kipande. Ijumaa ilitukuta palepale, na capitaine hasafiri Ijumaa mpaka amesali. Jumapili nayo Wakatoliki wakasema na wao wana Mungu. Mimi ni Mkatoliki, nikaimba nao kwa sauti ya mtu anayegombana.

Kilichoniumiza zaidi si kungoja. Ni kwamba nilipotazama juu, kwenye mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko, niliona maharage. Kila kambi yalikuwa yamebadilika kidogo. Pale pa kwanza maua, pale pa pili maganda mabichi, pa tatu maganda yamejaa. Nilikuwa nasafiri kuelekea kusini na muda wangu unasafiri kuelekea kwenye mavuno, na yule mzee wa lori anapiga honi.

Jike mwekundu bado analia. Na hapo ndipo tulipokwama kabisa, kwenye kambi ya Lunyasenge. Mtumbwi ulikuwa umejaa hatimaye, magunia na watu, hakuna pa kuweka kidole. Nikamwambia capitaine sasa huna kisingizio. Akaniambia hatavuka na mbuzi anayelia hivyo. Katikati kuna viboko, alisema, na kiboko mwenye mtoto akisikia kilio kama kile atakuja kuangalia ni nani. Abiria wote wakakubaliana naye, hata yule mama wa mvumilivu. Wakasema bokilo amnyamazishe mbuzi wake au abaki naye.

Nilimfunga mdomo kwa kitambaa, akalia kwa pua. Nilimpa majani ya viazi vitamu, akayakanyaga. Siku ya pili, katika kuhangaika huko, dume mkubwa kati ya watatu waliobaki alikata kamba akaruka majini. Sisi watu wa mlima hatujui kuogelea, nilisimama hadi kiunoni nikiita mbuzi kama mtu aliyerukwa na akili, naye akaenda kuelekea Uganda kwa njia iliyonyooka, mbuzi pekee aliyekuwa na nia kama yangu, mpaka kichwa chake hakikuonekana tena. Nilikaa mchangani nikalia. Nasema wazi. Nililia kwa hasira, mbele ya wanawake wanaopara samaki.

Capitaine alikuja akachuchumaa, si karibu yangu bali karibu ya mbuzi. Alikuwa amebeba ng'ombe na mbuzi miaka mingi kwenye lori lake na alijua mambo. Akashika titi, lilikuwa gumu kama jiwe na moto.

"Maziwa inamuuma," alisema. "Mutoto yake iko wapi?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ukoo, si ya ziwa. Hakubishana. Akanionyesha namna ya kukamua, kidole gumba na cha shahada, taratibu, kwanza mchangani mpaka uvimbe ulegee. Kwetu mbuzi hakamuliwi, maziwa ya mbuzi ni ya mbuzi. Nilikamua nikiwa nimefunga macho kwa aibu. Mara ya tatu akaacha kulia. Watu wa Lunyasenge walinywa chai yenye maziwa asubuhi ile, wakanishukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, na capitaine akawasha mota.

Siku ya kumi na moja tukavuka. Tuliondoka maji yakiwa yametulia na kabla jua halijafika kichwani tulikuwa ng'ambo. Hiyo tu. Asubuhi moja. Niliposhuka nilimwambia capitaine kwamba safari ya asubuhi moja ameifanya siku kumi na moja, na kwamba Mungu anamwona. Akasema Mungu amemwona siku nyingi, na kwamba atakuwa pale siku tatu kama nikihitaji kurudi.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya udongo, imefagiwa vizuri kama ofisi. Maharage nyuma yake yalikuwa bado shambani, yamekauka nusu, nikamshukuru Bikira Maria. Mwanamke wangu alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Nyuma ya sketi yake alikuwamo mtu mdogo aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe, ananichungulia, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni yule niliyemwacha akiwa wa kubebwa. Sikumgusa. Mbuzi walikuwa hawajapokelewa, na kabla ya hapo ningekuwa mwizi.

Nilimweleza baba mkwe kila kitu, askari, mawe, yule aliyeruka. Alisikiliza bila kunikatiza. Wawili waliobaki hawakumchukiza, alisema wengine watakuja, vita ni vita. Mama mkwe akatoka kumpokea mbuzi wake, akampapasa mgongo, akashuka hadi kwenye matiti. Mkono wake ukasimama. Alimtazama mumewe. Mzee akainama na yeye akatazama, kisha akaniuliza mtoto wa mbuzi huyu yuko wapi. Nikasema nimemwacha Vuhovi, kwa mama, njia ilikuwa ndefu.

Mzee akainuka, akanyoosha mgongo.

"Weye ulikuya kukamata mama na mutoto," alisema. "Na mbele ya kukuya, uliondosha mama kwa mutoto yake. Nitakuamini namna gani? Rudia kwenu. Ulete ile mutoto, basi nitakupa wako."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwuliza ni nani aliyechukua mama na mtoto akavuka nao ziwa bila kuniuliza. Nilimtazama mwanamke wangu aseme neno. Alikuwa anamtazama mbuzi, na nikajua kwamba mzee yuko sahihi, jambo ambalo liliniudhi kuliko yote. Nikainama, nikaaga, nikashuka pwani.

Kurudi ilikuwa asubuhi moja, moja kwa moja hadi Kyavinyonge. Sikumsemesha capitaine njia nzima. Nikapanda Vuhovi mbio. Mwana wa mbuzi alikuwa hai, mama alikuwa amemlea kwa uji wa mahindi na kidole chake, ameanza kutoa vipembe. Nikamtia begani nikageuka siku ileile. Nilipofika tena Kyavinyonge ziwa lilikuwa limefungwa. Makundi mawili yalikuwa yanagombania ufuo, na mtumbwi wowote ulioonekana majini ulipigwa risasi. Niliishi pale wiki tatu na siku nne kwenye ghala la chumvi, pamoja na yule mwana wa mbuzi, nikimkatia majani. Sasa maharage yalikuwa kila mahali, akina mama wakiyapiga kwa fimbo mbele ya nyumba zao, na kila pigo lilinipata mimi.

Siku ziwa lilipofunguliwa capitaine alinikuta tayari nimesimama majini. Watu wengine walikuwa wanaogopa bado, tulikuwa watano tu na mwana wa mbuzi. Nikangoja ageuke kulia. Alitazama mtumbwi wake mtupu, akanitazama.

"Leo tunaenda nusu," alisema.

Sikuweza kumshukuru. Nilikaa mbele kabisa, mgongo kwake, nikamfunika mwana wa mbuzi kwa koti langu. Upepo uliugeuzageuza mtumbwi kama alivyosema siku zote.

Mzee hakuwa amehama. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa kwenye mikeka, maharage yamo maguniani, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama njia. Alinipokea mwana wa mbuzi kwa mikono yake mwenyewe, akambeba hadi nyuma ya nyumba ambako jike mwekundu alikuwa amefungwa. Tukasimama wote pale, yeye, mama mkwe, mwanamke wangu na yule mdogo begani kwake, kama watu wanaongoja misa ianze.

Mwana wa mbuzi alimjua mama yake mara moja. Alikimbia, akaingiza kichwa chini ya tumbo. Mama akageuka, akamnusa mara moja, mara mbili, akamsukuma kwa pembe hadi akaanguka. Akaamka, akarudi, akasukumwa tena. Mama mkwe akamshika jike pembe zote mbili kwa mikono yake, akamkandamiza ukutani, akamwambia mwana anyonye. Jike alipiga mateke. Hakumtaka. Alikuwa amekaa mbali naye muda uliotosha.

Mzee aliwatazama muda mrefu. Kisha akageuka, akamtazama mjukuu wake begani kwa mama yake.

"Kamata batu bako," aliniambia. "Leo. Hapana ngoja kesho."

Hakusema lingine juu ya mbuzi, wala siku ile wala baadaye, na wale waliobaki nilimpelekea wakati barabara ilipokuwa na amani. Capitaine alikuwa bado pwani. Safari ya kurudi tulikuwa wengi, watu wa Beni waliochoka na ugenini, mtumbwi ukajaa bila honi, na tulielekea Kyavinyonge moja kwa moja. Safari hii ndiyo ningependa ichukue siku kumi na moja.

Katikati ya ziwa mwanamke wangu alimshusha binti yetu mgongoni, akamwambia huyu ndiye papa, nenda kwa papa. Mtoto alinitazama, akageuza uso, akaanza kulia. Alijikunja, akapiga mateke, akanyoosha mikono kumtafuta mama yake. Mwanamke wangu hakumchukua. Alimkalisha magotini mwangu akamshika hapo kwa mikono miwili, kwa nguvu, vilevile mama yake alivyokuwa amemshika mbuzi ukutani, na mimi niliogopa hata kukohoa.